Kurasa za Katikati

Mwaka 1995 baridi ya Juni iliushika uwanda wa Ufipa barabara. Kule kijijini Mollo mahindi yalikuwa yamekwisha ingia ghalani, na ulezi ulikuwa ukisubiri kupurwa. Bertilla, mke wa Vitus, alikuwa mkulima wa kutwa sasa. Miaka tisa alifagia duka la ushirika mjini Sumbawanga, hadi duka lilipofungwa na biashara kuachiwa watu binafsi. Kusoma alijifunza ukubwani, katika kisomo cha ngumbaru, naye alisoma kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe: neno moja, kisha jingine.

Mwaka huo Mwalimu Leonidas, mstaafu aliyeheshimiwa na wengi, alifungua chumba cha vitabu na kutafuta mtunzaji wa kuajiriwa. Walijitokeza wawili: Bertilla, na wifi yake Jenifer, aliyemaliza kidato cha nne. Mwalimu akampa kila mmoja nakala ya riwaya ileile.

"Baada ya wiki mbili mtanieleza mlichosoma, mbele ya watu," akasema.

Riwaya ilimhusu mzee mfugaji aliyeuza dume lake la pekee. Jenifer alianza na ukurasa wa mwisho. Siku ya tatu alimkuta Bertilla amekiinamia kitabu kando ya uwanja wa kupuria.

"Wifi, usijichoshe bure. Mwishoni mzee anarudishiwa dume lake, analia kwa furaha. Basi."

Bertilla alijiona kama aliyenyang'anywa tonge mdomoni. Akakifunika kitabu, akawaza kukirudisha. Lakini akakifunua tena palepale alipoachia.

"Alikofika umeniambia, wifi," alisema taratibu. "Alikopita bado sijakujua."

Tangu hapo kila alipopumzika kupura, kidole chake kilitambaa chini ya mistari. Vitus alipoona hivyo, alishika mwiko mwenyewe. "Malizia, mama. Ugali wa leo ni wangu," akamwambia, na majirani waliocheka aliwaacha wacheke.

Siku ikawadia, chumba kikafurika. Mwalimu aliuliza swali moja tu: "Mzee alilia kwa nini?"

"Kwa furaha, mwalimu," Jenifer akajibu upesi. "Mali yake ilirudi."

Bertilla akasimama. Sauti yake ilikuwa imara.

"Shikamoo, mwalimu. Mzee hakulia kwa furaha. Dume lile aliliuza ili mkewe akatibiwe, na mke akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Wanawe walipolikomboa walidhani wanampa zawadi. Kumbe walimrudishia msiba wake." Akakiinua kitabu. "Maneno hayo yako katikati, ukurasa wa mia moja na thelathini."

Mwalimu alifungua ukurasa huo, akausoma kwa sauti, kisha akampa Bertilla ufunguo wa chumba kwa mikono miwili. Vitus, pale mlangoni, alikuwa akimwambia kila aliyepita, "Yule ni mke wangu."

Jenifer alimfuata wifi yake, macho chini. "Umenishinda kwa haki. Leo naanza ukurasa wa kwanza."

"Ukikwama uje, tusome pamoja," Bertilla akamjibu, kifua kimemjaa fahari.

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.