Jivu Juu ya Daraja la Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na majiko yao, vitanda vyao na majirani wa kuwasengenya, aliishi mama mmoja mwembamba, mwepesi wa miguu, aliyeitwa Digidigi. Nyumba yake ilikuwa upande huu wa Mto Kirindi, na gulio lilikuwa ng'ambo ya pili. Alilima kunde, akasuka mikeka, na kwa kazi hizo mbili aliwalea wanawe bila kumpigia mtu magoti.

Kwenda gulioni ilibidi avuke daraja la Bwana Kifaru. Kifaru alilijenga mwenyewe, kwa magogo makubwa aliyoyaburuta kutoka msituni, na kwa kweli alistahili shukrani, maana zamani mto ukifurika hakuna aliyetoka wala kuingia. Kila aliyevuka alimwachia mganda wa majani mabichi. Hilo halikumuudhi mtu.

Lakini palikuwa na jambo jingine. Kabla hujakanyaga gogo la kwanza, ilikulazimu useme maneno aliyoyatunga Kifaru: "Navuka kwa hiari yangu. Nikiumia ni juu yangu." Wanyama waliyasema harakaharaka, kama mtu anavyobisha hodi nyumba aliyoizoea. Digidigi naye aliyasema hivyo hivyo, siku zote, huku mawazo yake yakiwa kwenye bei ya kunde.

Siku moja mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yamejikusanya, naye alitaka kurudi nyumbani mapema akaanze kulima. Akayasema maneno yale mbele ya Kifaru, akaweka mkeka begani, akaingia darajani mbio. Katikati ya daraja gogo likafanya kacha! Mguu wake wa mbele ukazama hadi begani, mwili ukaenda mbele, mguu ukabaki nyuma. Alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu.

Aliyemtoa pale ni jirani yake, Pimbi, yule mdogo wa mwili anayekaa kwenye mawe ya mlimani, ambaye siku hiyo alikuwa nyuma yake na kikapu cha viazi. Pimbi aliufunga mguu kwa vijiti na kamba ya mkeka, akamsindikiza polepole hadi nyumbani.

Jioni Kifaru akatuma mganda mkubwa wa majani, pamoja na salamu za pole. Salamu zenyewe zilikuwa na mkia: alisema mambo haya ni ya majirani, yaishie hapo hapo, na kwamba gogo lililovunjika ameshaliondoa na kuweka jipya.

Digidigi aliyatazama yale majani. Wanawe walikuwa na njaa, na harufu ya majani mabichi ilijaa nyumba nzima. Akamwambia Pimbi kwamba pengine ndivyo ilivyo, ameumia, amepewa pole, yamekwisha.

Pimbi akamuuliza shamba atalilima kwa mguu gani.

Hapo Digidigi akatazama mawingu nje. Mvua zilikuwa mlangoni. Shamba lisipolimwa sasa, mbegu hazitaingia ardhini, na mbegu zisipoingia, miezi ya ukame itawakuta watoto wake na chungu kitupu. Mganda mmoja wa majani ungeliwa ukaisha kabla ya kuota kunde ya kwanza.

"Kaka Pimbi," akasema, "lakini yale maneno niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikiumia ni juu yangu. Nitakwenda kudai nini?"

"Uliyasema ukijua gogo limeoza?"

"Ningejua ningekanyaga?"

Pimbi akakuna shingo. Akamwambia majani yale ayarudishe kwa adabu, halafu ampelekee habari Hakimu Mbuni, ambaye alikuwa akizunguka vijijini kusikiliza mashauri; Digidigi akafanya hivyo.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko mguu wenyewe. Majirani walianza kupita mbali na mlango wake. Wengine walisema waziwazi kwamba hana shukrani, kwamba Kifaru akikasirika akaling'oa daraja, wote watakosa gulio kwa sababu ya mguu wa mtu mmoja. Digidigi alikaa kizingitini, mguu kaunyoosha, akafikiria kuliondoa shauri lake. Aliona aibu, ingawa hakuweza kusema ni aibu ya kosa gani.

Pimbi alipokuja kumjulia hali, Digidigi alimweleza hayo yote. Katika kuzungumza akagusia jambo dogo ambalo halikumtoka akilini. Kabla ya ajali, alisema, aliwahi kuvuka nyuma ya Kifaru mwenyewe, akashangaa jinsi anavyotembea. Daraja lilikuwa kavu kabisa, lakini mzee yule alikuwa akiinua miguu hapa na pale, kama mtu anayeruka madimbwi.

Pimbi aliacha kutafuna. Akamwomba amrudie tena maneno hayo, taratibu. Kisha akamuuliza kama jikoni kwake kuna jivu.

"Lipo. La nini?"

"Usilimwage," Pimbi akasema, na akaondoka akipita nyumba hadi nyumba, akiomba jivu kama mtu anayeomba moto.

Siku ya shauri ilipofika, jua likiwa ndiyo kwanza linachomoza, Digidigi alijikokota hadi mtoni, akamkuta Pimbi ameshafika. Alikuwa akinyunyiza jivu juu ya magogo yote ya daraja, mwanzo hadi mwisho, akirudi kinyumenyume na kulisambaza vizuri kama mpishi anayenyunyiza unga kwenye sinia. Kifaru naye akatokea, pembe imesuguliwa inang'aa, akauliza kwa sauti nzito ni uchafu gani huo.

Pimbi aliinama kwa heshima. Alisema hakimu bila shaka atataka kulikagua daraja, na magogo yameloa umande, yanateleza. Asingelifikiria hilo, mheshimiwa yule mwenye miguu mirefu angeanguka, na aibu ingekuwa ya kijiji kizima.

Kifaru alifurahi mno. Alimwambia Pimbi kwamba kumbe ana akili, akasimama mwenyewe mlangoni pa daraja kuwazuia wapitaji, ili jivu lisichafuke kabla hakimu hajaona jinsi daraja lake linavyotunzwa.

Digidigi aliona moyo ukimwanguka. Alidhani jirani yake wa pekee amehamia upande wa pili.

Hakimu Mbuni aliwasili, akaketi chini ya kivuli cha mkwaju, macho yake makubwa yakimtazama kila mmoja bila haraka. Akamwomba mdai aanze. Digidigi alieleza yote: mawingu, mkeka, mbio, gogo, mfupa. Hakimu alimuuliza kama ni kweli alikuwa akikimbia. Digidigi angeweza kukataa. Alikubali kwamba alikimbia.

Kifaru akajibu kwa kujiamini. Alisema daraja lake hata tembo anapita. Alisema yeye mwenyewe hulivuka kila siku, na hajui gogo lolote bovu. Lile lililovunjika lilikuwa bahati mbaya, nani awezaye kuona ndani ya mti? Na zaidi ya hayo, mama huyu alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi, kwamba akiumia ni juu yake.

Wanyama waliokuja kusikiliza walitikisa vichwa kukubali. Digidigi alitazama chini. Hata yeye aliona maneno yale yamemfunga kama kamba.

Hakimu akauliza kama kuna mwenye la kuongeza. Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Mheshimiwa, sina mengi. Bwana Kifaru anasema daraja ni zima lote, na mimi sina sababu ya kumbishia. Ninaomba tu avuke mbele yetu, aende na kurudi, ili wenye hofu watulie."

Kifaru alicheka. Alisema hilo hata hakuhitaji kuombwa. Akaingia darajani, du, du, du, kifua mbele, akafika ng'ambo, akageuka, akarudi kwa maringo yale yale. Daraja halikulia hata kidogo. Wanyama wakapiga makofi, na mmoja akamwambia Digidigi, bila ubaya, kwamba sasa amejionea mwenyewe.

Pimbi alisubiri makofi yaishe. Kisha akamwomba hakimu asogee, atazame jivu.

Hakimu Mbuni akainuka, akanyoosha shingo yake ndefu juu ya daraja. Akatazama muda mrefu. Digidigi naye akachechemea akasogea, na alichokiona kikamfanya asahau mguu. Nyayo za Kifaru zilikuwa zimejipiga waziwazi juu ya kila gogo, za kwenda na za kurudi, isipokuwa magogo mawili. Hayo mawili jivu lake lilikuwa limelala vile vile, halina hata alama ya ukucha.

"Bwana Kifaru," hakimu akasema, "mbona haya umeyaruka?"

Kifaru alisema ni bahati tu, mguu huangukia unapoangukia.

"Kwenda na kurudi?"

Kifaru akasema basi, pengine ni mazoea.

Pimbi hakupaza sauti. "Mheshimiwa, kama ni mazoea, asimame juu ya hilo la karibu. Asimame tu, wakati unaandaa hukumu yako."

Hakimu akamtazama Kifaru, akamwonyesha kwa bawa. Kifaru akaingia darajani tena. Safari hii hapakuwa na maringo. Alifika kwenye gogo linalotangulia lile, akainua mguu, akaushikilia hewani, akaurudisha pale ulipokuwa.  Chini, mto ulikuwa unakwenda kwa kasi kati ya mawe.

"Siwezi," Kifaru akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Limeliwa na mchwa. Gome ndilo lililobaki."

Hakimu akamuuliza amejua tangu lini. Kifaru, akiwa amesimama pale pale, akaeleza kwamba hupenda kulala kivulini chini ya daraja, na tangu masika yaliyopita unga wa mchwa umekuwa ukimwangukia usoni. Alijua habari za lile lililomvunja Digidigi mguu, na alijua za haya mawili. Lakini kuyabadilisha ni kulifunga daraja na kukosa majani, naye akajiambia kwamba kila anayevuka ameshasema maneno, basi yeye hana deni.

Hapo hasira ilimpanda Digidigi, hasira ambayo siku zote aliizuia kwa aibu. Alikumbuka alivyopita mbele yake siku ile, mbio, na mkeka begani, na Kifaru akimtazama tu.

"Ungeniambia neno moja," akamwambia. "'Ruka hapo.' Maneno mawili. Wewe ulinifundisha ya kukulinda wewe, ya kunilinda mimi ukayameza."

Kifaru akarudi nyumanyuma hadi ukingoni. Wale waliopiga makofi walianza kuhesabu kimoyomoyo safari walizowavusha watoto wao pale.

Hakimu Mbuni alirudi kivulini akatoa hukumu yake. Alisema mtu anaweza kuikubali hatari anayoijua. Hatari aliyofichwa hawezi kuikubali, hata akiapa kutwa nzima, kwa hiyo maneno ya daraja hayakumfunga mama huyu. Mwenye daraja alijua, alikuwa na uwezo wa kutengeneza, akanyamaza. Huo ni uzembe, na madhara yake ni yake. Atalima shamba lote la Digidigi kabla mvua hazijakolea, na ataendelea kumchotea maji na kumletea kuni mpaka mguu upone. Magogo mabovu yatoke leo hii, na maneno yale yasisemwe tena darajani.

"Na wewe, mama," akaongeza, "ulikuwa ukikimbia juu ya daraja na mzigo. Ni kosa dogo, lakini ni lako. Kwa hiyo yeye atalima, mbegu utazitia mwenyewe."

Digidigi alikubali, na moyoni akaona kwamba hata hilo ni haki, maana hakimu aliyeliona kosa lake dogo ndiye aliyeliona na kubwa la mwenzake.

Kesho yake Kifaru akafika shambani. Alilima kwa pembe, vumbi jekundu likimrukia masikioni, na wanawe Digidigi walikaa ukingoni wakicheka mpaka wakaambiwa waache. Mwanzoni alilima kama aliyelazimishwa, matuta yamepinda. Digidigi alimpelekea uji, kwa kuwa hakuzoea kumwona mtu akifanya kazi kwake na njaa.

Kifaru alikunywa, akarudisha kibuyu, akabaki amesimama.

"Unauma bado?" akauliza, bila kuutazama mguu.

"Kukiwa na baridi."

Kifaru alirudi kulima. Jioni, alipofika kwenye mpaka wa shamba, hakusimama. Kulikuwa na kipande cha ardhi ngumu, chenye visiki, ambacho Digidigi hakuwahi kukiweza tangu ahamie pale, na ambacho hakikutajwa katika hukumu. Kifaru alikiingia, akang'oa visiki vyote, akalainisha udongo mpaka ukawa kama unga.

Usiku ule mvua ilishuka. Asubuhi Digidigi akatoka na kikapu cha mbegu, akichechemea, Pimbi akimfukulia vishimo na watoto wakifukia nyuma yao. Walipanda lile shamba la zamani, kisha wakaendelea hadi kwenye kipande kipya, na mbegu zikatosha.

Hadithi yangu imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ninyi wasikilizaji bakini na hili: anayeijua hatari akaificha, mwenzake akiumia, alipaye ni yeye.