Maharamia wa Kike Waliorudisha Mali

Paukwa!
Pakawa!
Hao waliojibu wamekula wakashiba. Na ninyi wengine, hata kwa kupiga miayo tu. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, huko baharini, palikuwa na genge la maharamia, wote majike. Nahodha wao alikuwa Bi Pweza, mikono minane, yote myepesi. Msaidizi wake Bi Kaa, mdomo mkali kuliko magando. Mbeba mizigo wao Bi Kasa, mpole, mzito, tumbo limejaa mayai. Alikuwa karibu kupanda ufukweni kutaga.

Sheria yao ilikuwa moja. Kinachoelea ni chetu, na aliyekinyakua ndiye anayekionja kwanza. Kuuliza kimetoka wapi ni uoga.

Siku moja wakakuta rundo linaelea. Chupa, vifuniko, mifuko inayong'aa kama shela za bibi harusi. Wakavamia. Chapu, chapu, chapu. Hakuna aliyewafukuza. Bi Kaa akatamba kwamba wenye mali wamewaogopa mpaka wameikimbia.

Bi Kasa akanyakua mfuko laini, mweupe, unachezacheza majini. Akadhani ni yavuyavu, yule mdudu laini wa baharini, chakula akipendacho. Akauonja kwanza, kama sheria ilivyotaka. Kwa! Ukamkwama kooni. Macho yakamtoka. Pumzi haipiti. Mama hatarini, mayai hatarini.

"Tema, shoga," akasema Bi Kaa.

Angeweza kutema, angengoja kuambiwa?

Bi Pweza akatia mkono wa kwanza, ukateleza. Akatia wa pili, ukateleza. Mingine ikamshika mgonjwa kichwa na shingo, na mmoja ukamziba Bi Kaa mdomo. Vuta, vuta, vuta. Chwaa! Mfuko ukatoka, mrefu kama hotuba ya harusini.

Bi Kasa akahema, akahema. Sauti ilipomrudia akauliza, "Nahodha, mali gani hii, mwenyewe hata haililii?"

Bi Pweza akautazama ule mfuko, akaelewa.

"Pakieni," akasema. "Tunairudisha."

Bi Kaa akalalamika kwamba haramia akirudisha mali atachekwa hata na dagaa. Nahodha akamwambia achague, kuchekwa au kuzika. Bi Kaa akabeba.

Maji yalipojaa wakaisukuma yote ufukweni, swaa, mpaka milangoni kwa wanadamu. Wanadamu wakatoka, wakaziba pua, wakaulizana ni nani huyu asiye na adabu aliyewatupia takataka.

Bi Pweza akatoa kichwa majini. "Hatukutupa, jamani. Tuliwaibia, tumetubu. Kagueni, kisije kikapungua kitu."

Wanadamu wakatazamana. Kila mmoja akaijua chupa yake. Wakainama, wakaokota, mpaka mchanga ukaonekana. Bi Kasa akapita katikati yao, polepole, akachimba, akataga.

Funzo ni hili: ukitupa taka baharini hujaiondoa, umemtilia mwenzio kooni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Na wewe unayemumunya ubuyu hapo, hicho kimfuko nimekuona unavyokisukumia chini ya mkeka.