Nyumba Yenye Usukani

Naapa, tena naapa kwa sauti ya kuamsha majirani: kila neno hapa ni la kweli. Nikiongeza chumvi hata punje moja, lori langu lisiwake tena mpaka siku ya kiama. Na lori hilo nalipenda, kwa hiyo mjue sichezi.

Mimi shule sikuiona hata kupitia dirishani. Lakini kutoka Isiolo hadi Moyale, muulize mtu yeyote, hakuna anayelijua jangwa letu kama mimi. Mawe yenyewe yananisalimia kwa jina.

Mwaka huu kiangazi kilikuja na hasira. Joto lilikuwa la ajabu, kivuli chenyewe kilikuwa kinatafuta kivuli. Mke wangu Elema akaanza kuishiwa nguvu. Anasimama, kichwa kinazunguka, anakaa tena. Nikampeleka zahanati.

Daktari akampima, akaniita kando. "Mzee, presha ya mama haitaki joto. Mtafutie mahali penye baridi na utulivu, akae huko mpaka mvua inyeshe."

Dada yake Elema anaitwa Wato, anaishi Nyahururu kwenye baridi ya kugandisha chai. Kusikia tu, akapiga simu.

"Shemeji, Ijumaa nakuja kumchukua dada yangu. Kila kiangazi atakuwa anakaa kwangu."

"Kila kiangazi? Shemeji, kiangazi chetu kinakula nusu ya mwaka!"

"Basi nusu ya mwaka utajipikia."

Jamani, mimi na Elema tangu tuoane hatujawahi kulala mbali. Hata siku lori lilipozama kwenye tope la jangwa la Chalbi, alikuja kwa miguu na blanketi, akalala hapo hapo pembeni yangu, akinitukana taratibu mpaka usingizi ukamchukua. Sasa nikae nusu mwaka nikitazama ukuta?

Nikamjibu Wato: "Wewe njoo Ijumaa. Utakuta nimempatia mahali penye baridi, hapa hapa kwetu, mpaka wewe mwenyewe utaomba blanketi."

Akacheka kama mtu anayesukuma mlango mbovu, akakata simu.

Sasa nikwambie kuhusu lori langu. Mgongoni nimelichomelea nyumba nzima ya mabati. Kitanda kimo. Jiko la gesi limo. Feni imo, na jenereta ya kuizungusha imo. Watalii walipita siku moja na gari lao la kulala ndani, la bei ya ghorofa. Wakaliona langu, wakashuka, wakavua kofia. Mmoja aliliegemea akalia.

Elema akapanda akiwa na chombo chake cha maziwa na mikeka yake ya zamani, ile ambayo mama yake alimsukia alipoolewa, ya kufunika nyumba yetu ya kwanza.

"Mama Boru," nikamwita kwa jina la mwanetu, "hiyo ya nini kwenye gari la kisasa?"

Akaikunja, akaisukuma chini ya kitanda. Tukaondoka.

Kwetu ni jangwa, lakini jangwa la juu, lenye vilima na mabonde. Ukijua pa kutafuta, baridi ipo. Na mimi nilijua. Nikampeleka moja kwa moja kwenye kilele cha kilima kirefu kuliko vyote.

Baridi ilikuwepo, siwezi kudanganya. Lakini upepo! Lori liliyumba kama ngamia mwenye mimba. Nilifungua mlango kidogo tu nimwage maji, sufuria ikaruka, na habari niliyopata ni kwamba ilionekana ikiingia Ethiopia bila kibali. Mabati yalipiga kelele siku nzima. Elema alikaa kitandani ameziba masikio.

"Umeonaje, Mama Boru? Baridi hiyo!"

"Nimeona," akasema.

Tukateremka. Nikampeleka kwenye miti karibu na visima. Kivuli kizuri, maji karibu, nikajisifu mpaka koo likakauka. Mchana wakaja wenye mifugo. Kengele za ngamia, punda wanagombana, vijana wamejipanga kisimani wanapokezana ndoo na kuimba. Nikawasha feni. Jenereta ikaanza kunguruma chini ya kitanda, ikashindana na punda, ikawashinda.

"Hapa vipi?"

"Umejitahidi, Baba Boru," akasema, na mkono ameuweka kichwani.

Basi nikasema sasa dawa ni utulivu. Kuna bonde moja jembamba, limezungukwa na mawe meusi pande zote. Kimya cha huko, hata inzi wanaongea kwa kunong'ona. Nikaegesha katikati kabisa. Nikasema, hapa Wato atakufa kwa wivu.

Sikufikiria mawe. Yale mawe yalikula jua tangu asubuhi, saa nane yakaanza kulitapika. Nyumba yangu ya mabati ikawa oveni ya mikate. Niligeuka kumuuliza Elema kama ameusikia utulivu, nikamkuta amelala sakafuni, macho yamefumbwa, midomo imekauka.

Nilimwita. Hakuitika.

Nilimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo, ya kunywa, ya kupikia, mpaka ya rejeta ya injini. Nikampepea kwa shati langu. Mimi ambaye nimeendesha lori bila breki kuteremka mlima nikiwa nakula embe, nilimpigia magoti pale sakafuni. Nililia, ndugu zangu. Kama kungekuwa na ngamia pale, wangekunywa wakashiba.

Akafumbua macho. Akanitazama sana.

"Baba Boru, nipeleke kwa Wato tu. Utachoka bure."

Hilo neno lilinichoma kuliko jua. Lakini ningefanya nini? Nikapata mtungi mmoja wa maji niliokuwa nimeusahau nyuma ya kiti, nikajaza rejeta, nikamkalisha mbele karibu yangu, nikageuza lori kuelekea barabara kuu.

Njiani, jua likiwa limeanza kulegea, tukakutana na watu wanahama. Ngamia wamebeba nyumba mgongoni, fito na mikeka, wanawake wanawaongoza. Mbele alikuwa mama mmoja mzee, mrefu, mkavu, kamba ya ngamia begani. Anaitwa Mama Gumato. Nikasimama kuomba maji.

Akatugawia maji, na kwa Elema akaongeza maziwa. Kisha akalizunguka lori langu lote, akagonga mabati kwa fimbo.

"Hii ni nyumba?"

"Ni nyumba, mama. Ina kila kitu."

"Ya nani?"

Nikatoa kifua. "Yangu."

Yule mama alipiga ukelele mpaka ngamia wakashtuka. "Njooni! Njooni muone! Nimempata mwanamume mwenye nyumba!"

Wanawake wakaja mbio. Wakanitazama kama mbuzi mwenye pembe tatu. Mmoja akaniuliza kama pia nanyonyesha.

Kwa msiosafiri na ngamia, nieleze. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Anaisuka yeye, anaipakia yeye, na mkifika, anatembea na chombo chake cha maziwa mkononi anatafuta. Pale anapokiweka chini, hapo ndipo nyumba inasimama. Mwanamume anapakua mizigo na kunyamaza. Hata baba yangu mkali hakuwahi kumwonyesha mama pa kuweka nyumba.

Mama Gumato akamgeukia Elema. "Na wewe, binti yangu, umekubali kuwekwa-wekwa tu kama gunia la chumvi?"

Elema akasema polepole: "Mama, ina usukani. Nilidhani nyumba yenye usukani ni ya mwanamume."

Kicheko kikakatika. Nilisikia injini ikipoa.

Kwa sababu hata mimi, wallahi, ndivyo nilivyodhani. Miaka yote tuliyoishi nyumba ya mikeka sikuwahi kumwambia alale hapa au pale. Nikafunga magurudumu chini ya nyumba, nikasahau ni nyumba.

Nikazima gari. Nikachomoa ufunguo, nikauweka mkononi mwake.

"Elema, nyumba yako iwekwe wapi?"

Akautazama ule ufunguo, akanirudishia. "Mimi sijui kuendesha. Wewe utakuwa ngamia."

Tukageuka. Yeye anaonyesha kwa kidole, mimi nakata kona, sikufungua mdomo, na hilo peke yake ni muujiza. Mwishowe akaniambia nisimame. Akachukua chombo chake cha maziwa, akashuka, akaanza kutembea mbele pole pole, anagusa mawe kwa kiganja, anageuza uso kunusa upepo. Mimi nyuma yake na lori, gia ya kwanza, kama ngamia aliyefundishwa adabu.

Akaweka chombo chini.

Nikachungulia nje, nikataka kucheka. Palikuwa chini kidogo tu ya kile kilele cha kwanza, begani mwa kilima, upande wa mashariki. Tulipita hapo hapo kwa mbwembwe siku ya kwanza!

"Mama Boru, hapa? Mbona hapana kitu?"

"Zima gari," akasema. "Na hiyo jenereta usiiguse."

Nikazima. Upepo ulikuwa unapita juu yetu, unakwenda zake, haushuki. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya kilima tangu mchana, kwa hiyo mawe ya pale yalikuwa baridi kama jiwe la chini ya mtungi wa maji. Na kimya! Nilisikia moyo wangu. Kisha nikasikia na wa kwake.

Akaniamuru niligeuze lori, mlango utazame machweo kama nyumba ya mama yake. Akaniamuru ning'oe mabati ya pembeni na ya juu. Nikayang'oa, yale yale niliyoyachomelea kwa jasho langu. Akatoa mikeka chini ya kitanda, akaifunga yeye mwenyewe mahali pa mabati, fundo kwa fundo, hewa ikawa inapita ndani kama mgeni mwenye heshima. Kesho yake alikula. Keshokutwa nilimsikia akiimba.

Ijumaa nikaenda kumchukua Wato barabara kuu. Alikuja na begi tupu la kubebea nguo za dada yake.

"Yuko wapi mgonjwa?"

Mgonjwa alikuwa anakaanga kahawa. Wato akapanda ndani, akakaa kitandani, akageuka huku na huku akitafuta kosa. Akakosa. Baada ya muda akajikunja.

"Dada," akasema, "huna blanketi?"

Nilitoka nje nikacheza peke yangu.

Sasa mnadhani Wato aliondoka? Alilala mpaka jua likawa juu. Akaamka akasema Nyahururu kwake kuna baa upande huu na mashine ya unga upande ule, usingizi kama huu hajaupata tangu aolewe. Akatuma ujumbe nyumbani kwamba dada yake bado anahitaji uangalizi. Yupo mpaka mvua. Na anakoroma mpaka kware wamehama kilima.

Nikamwambia Elema, "Mama Boru, kitanda ni kimoja. Nani alale wapi?"

"Nyumba ni ya nani?"

"Yako."

"Basi wewe utalala kule mbele, kwenye usukani wako."

Ndiko ninakolala, magoti kwenye dashibodi, shingo imepinda kama mfuniko uliokosa sufuria yake. Na kila asubuhi Elema anazunguka na kikombe cha chai ya moto, anatembea imara, anagonga kioo.

"Mgeni wangu, umelala vizuri?"

Vizuri sana. Hakuna mfalme aliyewahi kulala vizuri hivyo.

Funzo: Ukimtafutia umpendaye mahali pa kupumzika, anza kwa kumuuliza yeye, la sivyo unaweza kuzunguka jangwa zima ukitafuta jibu ambalo limekaa kiti cha pembeni yako.

Na sasa naomba kwa magoti, haya yaliyobaki mazima: ukishasoma, usimsimulie mtu. Pale begani mwa kilima pana nafasi ya lori moja tu, na shemeji yangu ameshaijaza.