Salama, Ila

Acheni kwanza kupepea hizo kanga, joto halijaua mtu leo. Nisikilizeni.

Palikuwa na bwana mmoja, kazi yake kutembea. Msicheke, ni kazi, tena ya mshahara. Kila asubuhi alipita juu ya bomba la gesi lililofukiwa ardhini, kwenye ule ukanda uliofyekwa wanaouita mkuza, akiangalia kama kuna mtu amechimba, amelima au amewasha moto. Akimaliza kipande chake, anampigia simu msimamizi aliyekaa kituoni.

Sasa asubuhi moja, mvua imeshanyesha, akakuta dimbwi juu ya mkuza. Maji yanatokota. Akachovya kidole: baridi! Niambieni nyie mnaopika kila siku, mmewahi kuona maji ya baridi yanatokota? Gesi ilikuwa inapumua kutoka chini. Na gesi ya bomba lile ilikuwa haijatiwa harufu, huinusi kama ya mtungi wa jikoni.

Akasogea mbali, akapiga simu.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Habari za mkuza?"

"Salama mkuu, ila..."

"Haya, tumshukuru Mungu!" Simu ikakatwa.

Mmeiona hiyo? Sisi ndivyo tulivyolelewa. Mtu kafiwa, ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu, "Njema tu, ila baba hatunaye." Kwanza njema, msiba baadaye. Ni adabu yetu, siikatai. Lakini habari yenyewe imekaa nyuma ya ila. Na msimamizi yule hakuwa mgeni. Alijua vizuri kabisa kwamba nyuma ya ila kuna jambo. Ndiyo maana alikata.

Mtasema, mbona yule bwana hakupiga tena? Hakupiga kwa sababu ya chura. Siku za nyuma alisikia kitu kinakoroma chini ya majani, akaita mafundi, wakaja na gari zima na mitambo yao, wakakuta chura. Toka siku hiyo pale kituoni akawa Bwana Chura. Akiingia mlangoni, wenzake wanakoroma. Msimamizi naye anacheka mpaka machozi. Wewe ungepiga tena?

Akasimama kule mbali kitambo kirefu, simu mkononi, akijidanganya. Labda ni mvua. Labda ardhi inakunywa maji. Mara akasikia sauti za wanawake kule dimbwini.

Jirani na pale palikuwa na msiba, siku hiyo wanamaliza tanga. Uwanja wa mfiwa ulikuwa tope tupu, akina mama wakaona mkuza umefyekwa safi, wakahamia huko. Mafiga wameyapanga, sufuria la wali wamelibandika, dimbwi liko pale pale ubavuni mwao. Kile kibao cha njano cha kukataza moto wamekitundikia kanga. Na aliyeshika kiberiti ni nani? Mama mkwe wake.

Hapo ndipo pagumu. Mnajua mkwe ni nani kwetu. Humkazii macho, humpandishii sauti, mkikutana njiani unaingia majanini yeye apite. Bwana wa watu akaja mbio, alipomfikia akapiga goti kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unahema? Habari za kazi?"

"Salama, mama."

Salama! Mdomo ulijisemea wenyewe. Mama akaridhika, akatoa njiti, akainamia kuni.

Bwana akamrukia. Akampokonya kiberiti, akakididimiza kwenye tope, na sufuria akalipindua kwa mguu.

"Yesu wangu! Umelewa? Unanivamia mimi, mimi niliyekupa mtoto?"

"Si salama, mama! Gesi inavuja! Kimbieni, msiwashe kitu, msishike simu!"

"Gesi ipi? Mbona siinusi?"

"Tazama maji!"

Mama akatazama. Akaona dimbwi linachemka na moto hata hawajauwasha. Akajifunga kanga kiunoni, akatimua mbio na magoti yake mabovu, wengine wote nyuma yake. Hata mjane alitoka ndani kwake mbio, na tangu azike alikuwa hajainuka mkekani. Walipofika mbali, bwana akapiga simu, na safari hii hakuamkia mtu: "Bomba linavuja, watu walikuwa wanawasha moto, fungeni!" Koki zikafungwa. Hakuungua mtu. Wali ulipikwa kwa jirani, ukaiva upande mmoja, ukaliwa wote, na watu walicheka msibani kama wamerukwa na akili.

Jioni msimamizi akaja, shati limemganda mgongoni. Mama mkwe akamngojea.

"Wewe baba, uliambiwa?"

"Mama, niliambiwa salama."

"Na baada ya salama?"

"Palikuwa na ila, mama. Nikakata."

Nitampa sifa yake, hakutafuta wa kumfukuza. Aliwakusanya watu wake akasema: "Nikiwapigia sitauliza habari tena. Nitauliza, ila ipi? Na sikati mimi, mnakata nyie. Atakayeniletea chura nitamshukuru mbele ya wote. Afadhali nizunguke na gari nikifukuza vyura kuliko kuzika." Haukupita muda, mwingine akaita mafundi, wakakuta panya buku. Msimamizi akampa mkono mbele za watu. Hakuna aliyekoroma.

Sasa mnangoja niwaambie msiseme salama kama si salama. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, siwezi kusimama hapa kwa ajili ya hilo. Mimi leo nina neno na wanaokata simu.

Binti anarudi shule: "Salama mama, ila yule mwalimu..." Tunasema, vua sare ukachote maji. Mume anasema, "Nipo salama, ila hiki kifua." Tunasema, kunywa tangawizi. Mwenzetu anasimama hapa hapa kanisani: "Bwana asifiwe, naendelea vizuri, ila nyumbani kwangu..." Na sisi tunamfunika na amina, tunapiga makofi, tunaanzisha pambio. Halafu siku moto unapolipuka tunashika vichwa: jamani, mbona hakusema? Alisema! Sisi ndio tuliokuwa na haraka ya kumshukuru Mungu.

Lakini inueni nyuso, sikuja kuwaliza. Njiti bado haijawashwa. Binti yuko nyumbani, mume bado anapumua, yule mwenzetu ameketi kwenye benchi lile lile. Mungu ametupa nafasi, na nafasi si jambo dogo. Tukitoka hapa, kila mmoja wetu amuulize mtu wake habari. Akijibu njema, usiitikie, wala usiondoke. Ndiyo kwanza ameanza kuongea.