Jini Aliyeridhia Hasara

Alitamalaki zamani, katika mji wa Rihani unaonukia mawaridi kabla hujauona, Sultani Mutwakil bin Hilali, mwenye majumba na majeshi na hasira za karibu. Na katika mji huo alikaa jini Dahmarashi, aliyefungwa kwa hirizi ndani ya birika la shaba, asitoke mpaka achume faida ya kujikomboa, na faida hiyo iwe imeridhiwa na wabia wake wote.

Na jini huyu alikuwa na majivuno, wacha! Alikuwa mbia katika biashara ya marashi ya Bi Raihana binti Mbwarak. Yeye na Sultani walitoa mali tu, na biashara ikianguka hawapotezi zaidi ya walichotoa. Bi Raihana ndiye aliyeendesha, na madeni yakizidi, nyumba yake na mkufu wake wa shingoni vinakwenda. Kwa hiyo kadhi aliandika sharti kwamba watoaji mali wasitie mkono katika uendeshaji, na atakayetia mkono atabeba madeni pamoja na mwendeshaji. Lakini mwaka ukiisha wasomewe hesabu, waulize watakalo, kisha kila mmoja aridhie au akatae. Dahmarashi aliipenda siku hiyo kuliko Idi. Mwaka mzima hakuwa na kauli, na siku hiyo kifuniko kilifunuliwa akajitokeza mpaka kiunoni, ndevu zimepakwa mafuta, na Sultani mwenyewe akamngoja amalize kuuliza.

Mwaka huo alijitokeza kwa pupa, maana ilibaki faida kidogo tu awe huru. Bi Raihana akasimama, akasoma kwamba msafara wa marashi, yaliyonunuliwa kwa mkopo, ulifukiwa na dhoruba ya mchanga, na mwaka umeishia kwenye hasara. Hakuinamisha kichwa.

"Bi Raihana," akasema Sultani, "binti yangu anaolewa mwezi huu na wageni wanatoka falme za mbali. Niwaambie mali yangu imemezwa na mchanga? Andika kwamba msafara ungali njiani, uuhesabu, tugawane faida."

"Bwana wangu, nimeuona kwa macho yangu ukifukiwa. Siwezi kuandika kwamba unakuja."

"Basi siridhii, na wanaokudai watakuwa mlangoni kwako kabla ya magharibi." Kisha akamgeukia jini. "Nawe Dahmarashi, ridhia hesabu yangu, na leo hii utembee juu ya mawingu."

Jini alijua kwamba hirizi haiulizi kama faida ni ya kweli. Inauliza tu kama imeridhiwa. Akaitazama anga dirishani, akaitamani. Lakini akakumbuka kwamba mwaka mzima watu humwita jini wa birika, na siku hii moja tu huitwa mbia. Na akiiuza siku hii, atajivunia nini huko mawinguni?

"Ewe Sultani," akasema kwa sauti iliyotikisa taa, "mimi ni Dahmarashi, na ridhaa yangu haiuzwi. Kuuliza ni haki yako, na kukataa ni haki yako. Lakini ukimwamuru mwendeshaji cha kuandika, umetia mkono, na madeni yatafika mpaka kwenye taji lako. Futa neno lako kabla wino haujaligusa."

Sultani akakirudisha kiganja chake ndani ya mkono wa joho, akacheka kidogo. "Nimelifuta. Naridhia hasara."

"Nami naridhia hasara," akasema jini, akajirudisha birikani mwenyewe. Humo ndani alilia, sikufichi, lakini alilia kichwa juu.

Wadai waliposikia kwamba hasara imesomwa mbele ya Sultani na haikubadilishwa hata neno, walimwongezea Bi Raihana muda, na wengine wakamkopesha tena. Binti wa Sultani akaolewa kwa nderemo, wageni wakirashiwa marashi ya Rihani. Mwaka uliofuata faida ilifurika, ikasomwa, ikaridhiwa na wote, na birika likapasuka vipande viwili. Dahmarashi akapaa, na watu wakasema huyo haonekani tena.

Nawe unayesikia, jua kwamba neno la mbia siku ya hesabu ndiyo heshima yake yote. Kwani siku ya hesabu ilipowadia tena, mlango uligongwa, akaingia Dahmarashi ameinama asigonge kizingiti, ndevu zimepakwa mafuta, akaketi mkekani ubavuni mwa Sultani.

"Haya, Bi Raihana," akasema, "tusomee. Mbia wako nimefika."