Mama Aliyeshindwa Kuchagua Chipukizi

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa migomba, aliyepona saratani ya titi akashindwa kuamini kwamba amepona. Msinitazame hivyo, ndugu zangu. Kupona ni jambo moja, na kukubali kwamba umepona ni jambo jingine kabisa.

Mama huyu alikatwa, akatiwa zile dawa zinazonyonyoa nywele, akapigwa mionzi mpaka ngozi ikabadilika rangi. Siku daktari alipomwambia, "Mama, matibabu tumemaliza, sasa tutaonana kliniki tu," kanisa lake lilifanya ibada ya shukrani. Watu wakala mbuzi, wakapiga vigelegele, kisha kila mmoja akashika njia ya kwake. Yeye akabaki na hofu yake.

Akiumwa mgongo, moyo unamlipuka: ugonjwa umerudi! Akikohoa: umerudi! Bafuni alikuwa anakaa mpaka maji yanapoa, vidole viko kwapani vinatafuta uvimbe. Mumewe anagonga mlango. "Mama watoto, kwema huko?" Naye anajibu, "Kwema," huku machozi yanamtoka. Na kliniki ikikaribia ndiyo usiseme, hata uji anaurudisha jikoni.

Sasa ninyi wenye migomba mtanielewa. Shina moja haliachiwi kila chipukizi. Unamwacha mama, yaani ule mgomba mkubwa, unamwacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja, wengine wote unawang'oa. Yule mtoto unayemwacha ndiye mkungu wako wa mwakani. Kazi hiyo mama huyu aliifanya tangu usichana wake, kwa jicho tu. Lakini tangu atoke hospitali, kila akiinama na jembe mikono inamfa ganzi. Achague mkungu wa mwakani? Mwakani yeye atakuwa wapi? Anaacha jembe palepale, anarudi ndani. Shamba likasongamana, na mikungu ikaanza kutoka midogo ya kutia aibu.

Asubuhi moja akaja mwenzake waliyelazwa naye wodi moja. Alikuwa amekonda, amefunga kilemba, na alipumzika mara kadhaa kabla ya kufika mlangoni. "Shoga, nimekuja kuomba miche ya migomba," akasema. Kisha akatupa jicho shambani, akacheka. "Heh! Hili ni shamba au kichaka cha fisi?"

Mama hakucheka. Akamweleza yote, kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikiwa. "Nikichagua wa kubaki, naona kama nauchokoza ugonjwa. Naona utanisikia ninavyopanga mambo ya mwakani, urudi."

Mwenzake akakivuta kilemba kikae sawa. "Mimi wangu umerudi," akasema. "Wiki ijayo naanza dawa upya."

Mama akakaa chini. Jambo ambalo hakuthubutu hata kulitamka lilikuwa limefika kwake, limefunga kilemba, linaomba miche.

"Umerudi? Na bado unataka kupanda migomba?"

"Sasa shoga, ulitaka nipande nini, misalaba?" Mwenzake akajifuta jasho. "Nina watoto, watakula. Mimi ugonjwa umeninyima nguvu ya kuinua jembe, ndiyo maana nimekuja kwako. Wewe umeambiwa umepona. Nani amekunyima?"

Mama alimlilia mwenzake, akajililia na yeye mwenyewe, kisha akaokota jembe. Huyu abaki, huyu aende kwa shoga. Alipomaliza shina la kwanza hofu ilikuwa palepale, akahamia la pili. Miche akaibeba mwenyewe, akaenda kumchimbia mwenzake mashimo, akampandia. Na wiki iliyofuata ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda chake wakati dripu inadondoka, akimshika mkono, maana alijua sindano ile inavyouma.

Najua mnataka kuniuliza: na yeye je, kliniki yake majibu yalisemaje? Sitawaambia. Mbona mmeinama mbele hivyo? Mnaona hofu inavyotukamata, hata kwa ugonjwa wa mtu niliyemtunga mimi mwenyewe? Sisi tunataka Mungu atuhakikishie mwakani ndipo tuanze kuishi mwaka huu. Hakutuahidi hivyo. Ametupa leo, na mikono, na mtu anayetuhitaji.

Na wewe uliyepona, uliyekaa huko nyuma unajipapasa shingo ukidhani hatukuoni, sikwambii usiogope. Ogopa, lakini inuka hivyohivyo na hofu yako, uende wodini. Kuna mtu kule ameanza dawa juzi, analia. Mimi mchungaji nitaenda nimwombee, lakini yeye atakuamini wewe, kwa sababu mimi kile kitanda sijawahi kukilalia.