Makaburi Mawili ya Mzee Kastuli

"Waliokaa kushoto, mpo?"

"Tupo!"

"Waliokaa kulia, mpo?"

"Tupo kabla yao!"

"Mnapendana?"

"Simulia kwanza!"

Basi nasimulia. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye mtoto amnyonyeshe, masikio yasimame.

Zamani sana, wanyama wa bonde moja walikuwa na Mungu mmoja na makanisa mawili. Upande huu wa mto walikaa wanyama Wakatoliki. Hao walikuwa na kengele: ndii! ndii! Upande ule walikaa wanyama Waprotestanti. Hao walikuwa na tarumbeta: paa! paparapaa! Kengele ikilia, wa kule waliziba masikio. Tarumbeta zikilia, wa huku waliziba masikio. Huku walisalimiana, "Tumsifu Yesu Kristo." Kule walisalimiana, "Bwana Yesu asifiwe." Yesu alikuwa yule yule, lakini ukikosea salamu hupewi hata maji ya kunywa.

Katikati ya mto palikuwa na kisiwa cha mawe, chenye gogo la kuvukia huku na gogo la kuvukia kule. Hapo waliishi Pimbi wawili, mume na mke. Pimbi mnamjua: mdogo kama sungura, hana mkia, anaota jua juu ya mawe. Mume aliitwa Mzee Kastuli, na alizaliwa Mkatoliki. Mke aliitwa Bi Eliaika, na alizaliwa Mprotestanti. Walioana kanisani kwa mke. Jioni mume alisali rozari, mke aliimba tenzi, na uji waliunywa katika kibuyu kimoja.

Mwaka ule nyasi za bonde zilipoungua, wanyama wa pande zote mbili walikimbilia mapango ya kisiwa kile. Mzee Kastuli alisimama mlangoni, ndevu zinaungua, akiwaita, "Ingieni! Ingieni!" Watoto wa huku walilala juu ya watoto wa kule. Moto ulipozimika, kila mmoja alirudi kwao akaziba masikio yake.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja Mzee Kastuli akafa.

Na sheria ya bonde ilikuwa hii: aliyekufa azikwe kabla ya jua kuzama. Jua likizama, ambaye hajazikwa ni wa Fisi.

Bi Eliaika alimfunga mumewe katika mkeka. Akaanza kuchimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Lakini pimbi hana makucha, ana vikwato vya kupandia mawe tu. Alichimba mpaka vidole vikatoka damu, na shimo lilitosha kuzika yai.

Akainuka. Akavuka gogo la huku, akaenda kwa Katekista Muhanga. Muhanga ni yule mla mchwa mwenye makucha kama majembe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista."

"Milele na milele, amina. Pole, mama, pole sana."

"Mume wangu amelala. Naomba makucha yako."

Muhanga akatazama chini. "Mama, Kastuli alifunga ndoa kwenu. Tangu siku ile hakupokea komunyo. Nikimzika, waumini watanielewaje?"

"Watoto wako walilala pangoni mwake, Katekista."

Muhanga akazidi kutazama chini. Hapo sauti ikatoka nyuma yake. Alikuwa Fisi. Fisi alifanya ishara ya msalaba, pana, toka sikio hadi sikio, akasema, "Ukimzika utachekwa, Katekista. Nimewasikia wale wa ng'ambo kwa masikio yangu. Wanasema Mkatoliki akifa ni mzoga tu."

"Asante, Bonaventura," Muhanga akasema, na shingo yake ikakakamaa. "Umesikia, mama? Basi wakamzike hao hao."

Bi Eliaika akageuka. Akavuka gogo la huku, akavuka gogo la kule, akaenda kwa Mwinjilisti Ngiri. Ngiri ni yule mwenye pembe mdomoni, na huchimba mpaka ardhi inaomba radhi.

"Bwana Yesu asifiwe, Mwinjilisti."

"Ameni. Pole, dada Eliaika."

"Mume wangu amelala. Naomba pembe zako."

"Dada, wewe ni wetu," Ngiri akasema. "Siku yako ikifika tutakuzika kwa tarumbeta. Lakini mumeo! Kila jioni rozari. Nimemsikia mwenyewe nikiwa hapa hapa."

"Katika rozari hiyo alikuombea na wewe."

Ngiri akafungua mdomo. Kabla hajatoa neno, sauti ikatoka nyuma yake. Alikuwa Fisi, ametangulia kufika. Hapa Fisi hakugusa paji la uso. Alifumba macho, akainua mikono, akatetemeka mwili mzima. "Haleluya! Usidanganyike, Mwinjilisti. Nimewasikia wale wa ng'ambo kwa masikio yangu. Wanasema mkipuliza tarumbeta, shetani anacheza ngoma."

"Asante, ndugu Elinihaki," Ngiri akasema, na pembe zake zikainuka. "Umesikia, dada? Basi wakamzike hao hao."

Bi Eliaika alirudi kisiwani. Jua lilikuwa limepita utosi. Alikaa karibu na mkeka, akafukuza nzi. Punde akasikia miguu, tapa, tapa, tapa. Fisi alikuja akakaa juu ya jiwe, akajilamba huku, akajilamba kule, akaimba taratibu:

"Jua zama, jua zama,
asiye na wa kumzika
ana wa kumla nyama."

"Shemeji," Fisi akasema, "usilie. Nitamla kwa heshima. Nitaanza na miguu, uso utabaki mpaka asubuhi uuage."

Bi Eliaika alitazama mdomo ule. Ulimi mmoja, akawaza, umefunga milango ya makanisa mawili. Na mimi nina ulimi.

Akavuka gogo la huku, mbio.

"Katekista, sikuja kuomba. Nimekuja kuwaambia msijisumbue. Waprotestanti wanakuja kumzika mume wangu."

Muhanga akaruka. "Nani? Kastuli? Mbatizwa wetu?"

"Wanasema Wakatoliki wana makucha ya kushikia rozari, ya kuchimbia hawana."

"Wanachimba kina gani?"

"Cha magoti."

"Magoti! Hilo ni kaburi au sufuria? Pigeni kengele!"

Ndii! Ndii! Bi Eliaika alikuwa amekwisha kuvuka gogo la kule.

"Mwinjilisti, sikuja kuomba. Nimekuja kuwaambia msijisumbue. Wakatoliki wanakuja kumzika mume wangu. Sikia kengele yao."

Ngiri akasikia. Ndii! Ndii! "Mume wa dada yetu? Tukiwa hai?"

"Wanasema Waprotestanti wanajua kupuliza, kuchimba hawajui."

"Wanachimba kina gani?"

"Cha kiuno."

"Kiuno! Wanapanda muhogo? Leteni tarumbeta!"

Paa! Paparapaa!

Basi gogo la huku likajaa wanyama, gogo la kule likajaa wanyama. Walikutana kisiwani, wakatazamana, hakuna aliyesalimu. Muhanga alichagua upande huu wa uwanja, Ngiri alichagua upande ule.

Muhanga akachimba, paru-paru-paru. Ngiri akachimba, kukuru-kukuru-kukuru.

Muhanga akafika magotini, akachungulia kwa Ngiri. Ngiri naye magotini. Paru-paru-paru!

Ngiri akafika kiunoni, akachungulia kwa Muhanga. Muhanga naye kiunoni. Kukuru-kukuru-kukuru!

Shimo likafika kifuani. Likafika shingoni. Likameza masikio. Sasa walichungulia kwa kuulizia tu: "Wenzetu wamefika wapi?" Wafuasi wao walijibu toka juu, "Wanaendelea!" Na kwa kuwa wenzao walikuwa wanaendelea, waliendelea. Vichuguu viwili vya udongo vikapanda kando ya makaburi mawili. Katika kichaka cha kisiwani alimojificha, Fisi aliuona udongo ule, na kwa mara ya kwanza siku ile akaacha kujilamba.

Jua lilipokaribia mlima, Wakatoliki walimvuta Muhanga kwa kamba, na Waprotestanti walimvuta Ngiri kwa kamba. Wote wawili walikuwa wekundu kwa udongo, usingejua nani ni nani.

Muhanga akashika mkeka upande wa kichwa. "Twende, Kastuli, nyumbani."

Ngiri akashika mkeka upande wa miguu. "Unampeleka wapi? Kaburi lake ni lile."

"Ni wetu kwa ubatizo."

"Ni wetu kwa ndoa."

"Asubuhi ulimkataa!"

"Na wewe ulimpokea?"

Muhanga akavuta. Ngiri akavuta. Mkeka ukalia, chwaa. Ukindu mmoja ukakatika, na wa pili. Fimbo zikaokotwa upande huu. Mawe yakaokotwa upande ule. Na kutoka kichakani wimbo ukarudi, sasa kwa furaha:

"Jua zama, jua zama..."

Bi Eliaika akaona jua limegusa mlima. Akaona mkeka unachanika na mguu wa mumewe umetokeza. Ulimi wake mwenyewe ndio ulioleta fimbo hizi. Akajitupa juu ya mkeka, akapiga ukelele uliosimamisha hata maji ya mto.

"Mwenye kaburi refu amchukue!"

Fimbo zikashuka.

"Amesema vyema," Muhanga akasema. "Letu ni refu."

"Letu ndilo refu," Ngiri akasema. "Apime nani?"

"Sisi."

"Nyinyi mtaongeza!"

"Nyinyi je, hamtaongeza?"

"Apime mtu mmoja mnayemwamini wote," Bi Eliaika akasema, na kidole chake kikaelekea kichakani. "Yule pale."

Wakatoliki wakageuka. Nyuso zikachangamka. "Bonaventura! Mtu wetu!" Waprotestanti nao wakageuka, nyuso zikachangamka. "Ndugu Elinihaki! Mtu wetu!" Kila upande ulishangilia kwa nguvu hata usisikie jina linalotajwa na upande wa pili.

Fisi akatoka, mkia kati ya miguu. Huku alipiga nusu ya ishara ya msalaba, kule aliinua nusu ya mkono. Bi Eliaika akamsogelea, akanong'ona, "Fisi, umenishinda. Wataniuliza nini tena mimi? Wewe ndiye mpimaji. Ingia, upime, kisha utaje lile fupi kuwa ndilo refu. Wakiondoka utamfukua bila jasho."

Mate yakamtoka Fisi. Akachungulia kaburi la Muhanga. Ndani giza. Akachungulia kaburi la Ngiri. Ndani giza. Lakini tamaa haina kamba ya kupimia. Alirudi kwenye kaburi la Muhanga, akaruka ndani.

Walingoja. Walingoja tena.

Kubwi!

"Bonaventura!" Muhanga akaita. "Kina gani?"

"Nitoeni!" ikajibu sauti ndogo toka chini.

"Bonaventura ni nani?" Ngiri akauliza. "Huyo ni Elinihaki, kiongozi wetu wa maombi."

"Kiongozi wenu? Huyu ndiye anayetuambia mnasema Mkatoliki akifa ni mzoga."

"Sisi? Huyu ndiye anayetuambia mnasema tarumbeta zetu ni ngoma ya shetani."

"Nani amesema?"

"Nani amesema?"

Wote wakainama juu ya shimo. Fisi alitazama juu, akaona pua nyingi zimezunguka kipande kidogo cha mbingu. Akapiga ishara ya msalaba, akainua mikono, akachanganya, akajipiga jichoni. "Mimi ni Mkristo tu," akasema.

"Jua!" Bi Eliaika akalia. Limebaki jicho moja la jua. "Kaburi moja limepata mtu wake. Limebaki moja!"

Hapo hakuna aliyebishana. Muhanga alikuwa bado ameshika kichwa, Ngiri alikuwa bado ameshika miguu, wakambeba Mzee Kastuli hivyo hivyo. Walimshusha katika kaburi alilochimba Ngiri, na Muhanga akamwombea. Udongo wa kichuguu cha kule ukashuka, tifu, tifu. Haukutosha machoni pa Bi Eliaika. Basi Wakatoliki nao wakabeba udongo wa kichuguu chao, wakaumwaga juu. Udongo wa makaburi mawili juu ya mfu mmoja! Ndii, kengele ikalia. Paa, tarumbeta ikajibu. Jua likazama, na hakuna aliyeziba masikio.

Wakiwa wanapangusa mikono, Muhanga akakumbuka jambo. "Lakini Bi Eliaika, lile neno la makucha ya rozari. Nalo Fisi alilisema?"

"Na lile la kupuliza?" Ngiri akadakia.

Bi Eliaika akajifunika kanga usoni. "Mimi ni mfiwa," akasema. "Mfiwa haulizwi maswali."

Na Fisi je? Wakatoliki walisema, "Ni wenu, mtoeni." Waprotestanti walisema, "Ni wenu, mtoeni nyinyi." Kamba walikuwa nazo mbili, wa kuishusha akakosekana. Asubuhi Wakatoliki walimteremshia uji, wasije wakasemwa kwamba hawana huruma. Waprotestanti waliposikia, walimteremshia uji wa maziwa. Wakatoliki wakaongeza karanga. Mpaka leo Fisi yumo shimoni, amenenepa, asubuhi anasomewa litania, jioni anaimbiwa tenzi, na mfupa hajauona. Anayepeleka kibuyu chake ni mjane, Bi Eliaika. Kila akikishusha humuuliza, "Shemeji, nianze na miguu?"

Fundisho la ngano hii, ndugu zangu, ni hili: msipendane. Kupendana kunachelewesha mazishi. Mchukie jirani yako kwa bidii, uchimbe kuliko yeye, upike uji kuliko yeye, na Mungu atakusamehe atakapomaliza kucheka.

Nami ngano yangu nimeifukia, anayetaka aifukue.

"Waliokaa kushoto, mnawapenda wa kulia?"

"Tunawapenda kuliko wanavyotupenda!"

"Waliokaa kulia, je?"

"Sisi ndio tulioanza!"